Namna ya kuchagua programu ya kusafisha rekodi za zamani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wengi wanaoshindwa kazi hii hushindwa kwa namna moja. Mtu ana kaseti yenye sauti ya mzee aliyekwisha kufariki. Anaulizia programu "bora kuliko zote", anaipakua, anabonyeza kitufe cha kuondoa kelele, na sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Anajaribu programu ya pili, kisha ya tatu. Pipa ni lile lile.

Kila programu hutibu maradhi fulani vizuri na mengine vibaya. Anayeichagua kabla ya kujua rekodi yake inaumwa nini anameza dawa aliyoandikiwa jirani. Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: rekodi kwanza, maradhi pili, programu mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Deki ya kaseti, mashine ya mikanda au kicheza santuri kilicho katika hali nzuri. Kifaa kibovu huzalisha kelele ambazo hakuna programu itakayozimaliza.
- Kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu ya kuingizia sauti ya kiwango cha laini, yaani sauti inayotoka kwenye deki au redio, si kwenye maikrofoni. Tundu la maikrofoni la kompyuta ya mapajani lisitumike: mengi ni ya mono, na huikuza sauti kupita kiasi hadi inapasuka.
- Hedifoni za waya zinazofunika masikio. Za Bluetooth huibana sauti kabla haijakufikia, hivyo kasoro ndogo hutazisikia.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski. Saa 1 ya stereo kwa biti 24 na 96 kHz (yaani sauti ikipimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 24) huchukua takribani GB 2. Saa 1 ya mono kwa biti 24 na 48 kHz huchukua takribani MB 520.
- Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Uwe nayo hata kama utanunua nyingine, kwa sababu hapa tutaitumia kama kipimo.
- Daftari na kalamu.

## Hatua ya 1: Tibu kinachotibika kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta

Dakika kumi za kusafisha kichwa cha deki hurudisha sauti nyembamba za juu ambazo programu haiwezi kuzibuni tena. Tumia pamba na spiriti ya isopropili, futa kichwa na kigurudumu cha mpira, kisha ngoja pakauke.

Kama kaseti inasikika kama imefunikwa blanketi, huenda kichwa hakijakaa sambamba na namna ilivyorekodiwa. Karibu na kichwa kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mlalo wake. Izungushe taratibu, robo mzunguko au chini ya hapo, huku kanda ikicheza, mpaka herufi kama "s" na "f" zisikike kali kabisa. Angalia: ukishairekebisha kwa kanda hii, kanda nyingine zitahitaji marekebisho yao. Weka alama mahali skrubu ilipokuwa.

Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby B, mfumo wa deki wa kupunguza mchirizi wa kanda, ichezwe Dolby B ikiwa imewashwa. Mfumo huo hutegemea kiwango halisi cha sauti kutoka kwenye kanda, hivyo usitegemee kuufidia baadaye kwa kupunguza sauti za juu.

Kwa santuri, sindano ndiyo kila kitu. Santuri za mizunguko 78 zina mfereji mpana na zinahitaji sindano yenye ncha ya takribani mikromita 76. Zile za mizunguko 33 na theluthi moja hutumia ya takribani mikromita 18. Ukiicheza ya 78 kwa sindano nyembamba, ncha inakwaruza sakafu ya mfereji, na utapata mchakacho mzito ambao utaulaumu umri wa santuri bure.

Sasa jaribio ambalo watu hulisahau. Ruhusu kompyuta irekodi, kisha simamisha kanda. Je, mvumo wa umeme bado upo? Kama upo, unatoka kwenye nyaya na vifaa vyako, si kwenye rekodi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, jaribu kompyuta ikitumia betri peke yake, badilisha nyaya. Kuna watu walionunua programu ya kuondoa mvumo ilhali dawa ilikuwa waya mwingine.

Rekodi kwa WAV, aina ya faili ambayo haibani sauti, biti 24. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza 96 kHz na kinataja 48 kHz kuwa kiwango cha chini. Vilele vya sauti viwe kati ya -12 na -6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti; 0 ndiyo ukomo). Zima kila kitu kinachojiendesha chenyewe: kupandisha sauti, kupunguza kelele, kusawazisha.

Umefaulu ikiwa: kanda ikisimama, mchoro wa sauti unakuwa mstari karibu bapa, na hakuna kilele kinachogusa 0 dB.

Faili hilo ni faili mama. Linakili, lipe jina linaloeleweka, na usiliguse tena. Kila jaribio litafanywa kwenye nakala.

## Hatua ya 2: Itambue kila kelele kwa jina lake

Sikiliza rekodi yote mara mbili. Mara ya kwanza kwa masikio tu. Mara ya pili ukitazama spektrogramu, yaani picha inayoonyesha muda kwa ulalo na masafa ya sauti kwa wima. Audacity inayo: badili mwonekano wa njia ya sauti kutoka mawimbi kwenda spektrogramu.

Andika dakika, kasoro, na kama inatokea mara moja au muda wote. Hivi ndivyo kasoro zinavyojionyesha.

Vidoko. Mlio mfupi wa "tk" kwenye santuri, au swichi iliyobonyezwa wakati wa kurekodi. Kwenye spektrogramu ni mstari mwembamba wa wima, kutoka chini hadi juu.

Mchakacho. Vidoko vidogo sana vilivyorundikana, kama majani makavu yanayokanyagwa. Kuvihesabu huwezi.

Mvumo wa umeme. Mistari ya ulalo iliyonyooka huko chini: 50, 100, 150 Hz na kuendelea, au 60, 120, 180 Hz, kutegemea umeme wa mahali iliporekodiwa.

Mchirizi wa kanda. Ile "shshsh" isiyokoma. Kwenye picha ni ukungu uliotanda hasa sehemu ya juu.

Sauti iliyopasuka. Hii tazama kwenye mawimbi, si kwenye spektrogramu: vilele vimekatwa vichwa, vimekuwa bapa kama vilivyopitishwa panga.

Sauti inayoyumba. Noti ndefu ya filimbi au kinanda inapanda na kushuka. Mistari ya ulalo inakuwa kama nyoka.

Sauti inayokatika. Mapengo madogo pale unga wa sumaku ulipobanduka kwenye kanda.

Mwangwi wa chumba. Msemaji alikuwa mbali na kinasa sauti. Kila neno lina mkia.

Filimbi nyembamba ya juu. Kwenye sauti zilizotoka katika kanda za video au zilizorekodiwa karibu na televisheni za zamani kuna mstari mmoja ulionyooka kwenye 15,625 Hz au 15,734 Hz. Wazee hawausikii, watoto wanausikia. Ni kasoro rahisi kuliko zote: kichujio kimoja chembamba kinatosha.

Mvumo una faida moja ambayo wengi hawaijui. Kama ulirekodiwa pamoja na sauti mahali penye umeme wa 50 Hz, nao sasa unaonekana kwenye 52 Hz, basi deki yako inacheza haraka kwa asilimia 4. Gawanya 50 kwa 52, unapata 0.9615. Zidisha kasi kwa namba hiyo na sauti ya msemaji inarudi kuwa yake. Fanya hivyo kabla ya kuondoa mvumo, kwa sababu ukishauondoa umepoteza shahidi.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Rekodi hii ina mchirizi muda wote, mvumo wa 50 Hz, na vidoko kama kumi." Kama jibu lako bado ni "ina kelele", rudia hatua hii.

## Hatua ya 3: Linganisha maradhi na zana

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

### Vidoko na mchakacho

Vidoko vichache havihitaji kununua kitu. Audacity ina amri ya Repair, ambayo huunda upya kipande kilichochaguliwa kisichozidi sampuli 128 (sampuli ni kila kipimo kimoja cha sauti ndani ya faili). Kwenye 44.1 kHz hizo ni karibu milisekunde 3, inatosha kidoko cha kawaida. Kuza picha mpaka uone sampuli, chagua kidoko chenyewe na si zaidi, kisha itumie.

Vikiwa mamia, unahitaji zana inayovitafuta yenyewe. Click Removal ya Audacity inafanya kazi kwa vidoko vilivyo wazi, lakini haina namna nzuri ya kutofautisha kidoko na pigo kali la ngoma au mwanzo mkali wa noti ya tarumbeta. Kwa santuri zenye mchakacho mzito, De-click ya iZotope RX na DeClick ya Acon Digital zimepiga hatua kubwa zaidi. Ukiwa na sanduku zima la santuri, hapa fedha inatumika mahali pake.

### Mvumo

Vichujio vyembamba vinatosha. Kwa Audacity unaweka Notch Filter kwa kila masafa, moja baada ya jingine: 50, halafu 100, halafu 150. Zana maalumu za mvumo hufanya zote kwa mkupuo mmoja, nazo huokoa muda.

Tahadhari ni upana wa kichujio. Sauti ya mwanaume huanzia takribani 85 Hz hadi 180 Hz, maana yake mistari ya 100 na 150 inapita katikati ya kifua chake. Kichujio kipana kitamwacha akisikika mwembamba kama yuko kwenye simu. Programu unayoichagua lazima ikuruhusu kuamua upana huo, na ni mistari mingapi iondolewe.

### Mchirizi

Hili ndilo eneo lenye mazingaombwe mengi ya matangazo. Programu nyingi hufanya jambo moja: zinajifunza sura ya kelele kutoka kipande kisicho na sauti, kisha zinapunguza masafa yale kila yanapokuwa dhaifu. Tofauti ya ubora ipo katika jinsi zinavyoshughulikia mpaka kati ya kelele na sauti hafifu, kama pumzi, mwisho wa neno au mkia wa wimbo.

Noise Reduction ya Audacity inatosha kwa hotuba yenye mchirizi usiobadilika. ReaFIR, iliyo ndani ya programu ya kuhariri sauti ya Reaper na pia hutolewa bure katika mkusanyiko wa ReaPlugs kwa Windows, hufanya kazi inayofanana. Kelele ikiwa inabadilika njiani, kwa mfano mvua, feni au injini, zana hizi mbili zinaelemewa, na hapo RX, Adobe Audition au Acon zinastahili kujaribiwa.

### Sauti iliyopasuka

Audacity ina Clip Fix. Kabla ya kuitumia punguza sauti kwa 10 dB, maana vichwa vinavyojengwa upya vinahitaji nafasi juu yake. RX na Acon zina zana za namna hii zilizo bora zaidi. Ikiwa sauti ilipasuka wakati wa kurekodi kaseti ya awali, vilele vimekwisha kuwa mviringo na zana zote husaidia kidogo tu. Ikiwa ilipasuka wakati wewe unaihamisha, usitafute programu: rudi hatua ya 1, shusha kiwango, hamisha tena.

### Kukohoa, mlango, simu iliyolia

Kelele za mara moja zinahitaji kufutwa kwa mkono juu ya spektrogramu, kama kutoa doa kwenye picha. Hapa RX, SpectraLayers ya Steinberg na Audition ndizo za kutazama. Kwa kazi za namna hii usijaribu kuifanya Audacity iwe kitu ambacho siyo.

### Sauti inayoyumba

Capstan ya Celemony ilitengenezwa kwa ajili ya hili peke yake. Toleo la juu la RX nalo lina zana yake. Zote zinahitaji muziki wenye noti za kushika. Kwa mazungumzo matunda ni machache.

### Mwangwi

Punguza matarajio. Unaweza kuusogeza nyuma kidogo. Kuutoa kabisa bila kuumiza sauti ni nadra.

### Tahadhari kuhusu zana za akili unde

Zipo programu na huduma za mtandaoni zinazopokea sauti chafu na kurudisha sauti safi kama ya studio. Nyingine hazisafishi: zinaitengeneza sauti upya kwa kukisia. Pale ambapo neno halikusikika, zinaweza kuweka konsonanti ambayo msemaji hakuitamka. Kwa tangazo fupi hilo linavumilika. Kwa ushuhuda, wosia, masimulizi ya historia au lugha ambayo zana haikufundishwa, halivumiliki hata kidogo. Nyingi pia zimefundishwa kwa hotuba, hivyo ukizipa wimbo zitaufuta muziki zikidhani ni kelele. Na kumbuka faili lako linakwenda kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa mazungumzo ya faragha hilo linatosha kuwa sababu ya kuziacha.

## Hatua ya 4: Bakiza programu mbili au tatu

Orodha ya programu kumi haijaribiki. Chukua maradhi mawili makubwa ya rekodi yako, bakiza zana zinazoyagusa, kisha zipitishe kwenye maswali haya:

1. Je, inakuruhusu kusikiliza kile kinachoondolewa peke yake? Hili ni swali zito kuliko yote, na hatua ya 7 itaonyesha kwa nini.
2. Je, inafungua na kuhifadhi biti 24 kwa 96 kHz bila kushusha ubora?
3. Je, ni programu inayojitegemea au ni plagini? Plagini inahitaji programu nyingine ya kuibeba, na aina yake lazima ilingane: VST3 kwa nyingi, AU kwa macOS.
4. Je, leseni ni ya kudumu au ya malipo ya kila mwezi? Kwa kanda tano, mwezi mmoja unaweza kutosha. Kwa kazi ya miaka, hesabu jumla.
5. Je, inafanya kazi bila intaneti? Programu inayoomba idhini mtandaoni kila mara itakuacha njiani siku mtengenezaji akiifunga.
6. Je, inaweza kushughulikia mafaili mengi kwa pamoja? Ni muhimu kwa mwenye kaseti 200. Kwa mwenye tatu si kitu.
7. Je, toleo la majaribio linaruhusu kuhifadhi? Mengine yananyamaza kila baada ya sekunde kadhaa au yanafunga kitufe cha kuhifadhi. Ujue kabla hujapoteza jioni nzima.

Audacity iwe mojawapo ya hizo mbili au tatu. Programu ya kulipia ambayo haiishindi ya bure kwa rekodi yako haina sababu ya kununuliwa, hata ingekuwa inasifiwa vipi.

## Hatua ya 5: Andaa vipande vya majaribio

Kutoka kwenye nakala ya faili mama kata vipande vitatu vya sekunde 30:

- palipo kimya zaidi, ambapo sauti inazama kwenye kelele;
- palipo na kelele mbaya zaidi;
- pazuri kuliko pote.

Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachofichua programu mbaya. Zana ikiharibu mahali palipokuwa pazuri, haikufai, hata kama imefanya maajabu kwenye kile cha pili.

Kata pia kipande cha sekunde 1 hadi 3 chenye kelele tupu, bila sauti ya mtu wala chombo. Kitoke ndani ya rekodi yenyewe, wakati kinasa sauti kilipokuwa kikinasa lakini msemaji amenyamaza. Utepe mtupu wa mwanzoni mwa kaseti haufai, kwa sababu haukupita kwenye maikrofoni, hivyo kelele ya chumba haimo.

## Hatua ya 6: Jaribu kila programu kwa upole ule ule

Anza na mchirizi, kwa sababu ndio unaotofautisha programu.

Kwa Audacity: chagua kelele tupu, fungua Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Kisha chagua kipande kizima, fungua tena, weka 6 dB, unyeti (Sensitivity) 6, ulainishaji wa bendi (Frequency smoothing) 3 hadi 6. Sikiliza. Ongeza kidogo kidogo, usivuke 12 dB.

Kwa programu nyingine weka punguzo lile lile la 6 dB kwanza. Usikubali mpangilio wa awali ambao mtengenezaji ameuweka, kwa sababu mara nyingi huwa mkali ili ushtuke kwa furaha mara ya kwanza.

Kwa nini upole? 6 dB ni kuipunguza kelele hadi nusu ya ukubwa wake wa wimbi, na 12 dB ni hadi robo. Hiyo tayari ni kazi kubwa. Ukivuka hapo, mabaki ya kelele huanza kutokea na kupotea kwa vipande vipande, na sikio huyasikia kama ndege wadogo au matone ya maji. Hilo ndilo pipa tulilolitaja mwanzoni. Mchirizi mdogo usiobadilika sikio huuzoea ndani ya dakika moja. Matone halizoei kamwe.

Umefaulu ikiwa: kelele imerudi nyuma lakini bado ipo kwa mbali, na pumzi za msemaji hazijapotea.

## Hatua ya 7: Sikiliza kilichotupwa

Usisikilize sauti safi. Sikiliza takataka.

Audacity ina chaguo la Residue ndani ya Noise Reduction. Programu nyingine nzuri zina kitufe kinachotoa kelele tu. Ukisikiliza takataka unatakiwa usikie "shshsh" tupu. Ukisikia maneno, hata kwa mnong'ono, au mdundo wa wimbo, basi unatupa sauti pamoja na kelele. Punguza ukali mpaka maneno yatoweke. Kama hayatoweki hata kwenye 6 dB, programu hiyo ikatwe kwenye orodha, au sampuli yako ya kelele ina sauti ndani yake. Hakikisha la pili kwanza.

Programu isiyo na kitufe hicho bado inaweza kuchunguzwa. Weka faili la awali na lililosafishwa kwenye njia mbili ndani ya Audacity, yakianza sampuli ile ile. Chagua lililosafishwa, tumia Invert, amri inayopindua mawimbi juu chini, kisha cheza yote mawili pamoja. Kinachobaki ni tofauti yao, yaani kilichoondolewa. Usiguse kiwango cha sauti cha njia yoyote. Ukisikia wimbo mzima badala ya tofauti, ama programu imebadili kiwango cha sauti, ama imechelewesha faili kwa sampuli kadhaa. Kuza picha, lisogeze mpaka mawimbi yalingane, ujaribu tena.

Ukitoka na jambo moja kwenye mwongozo huu, liwe hili. Jaribio hili la dakika tano linapima programu kuliko orodha yoyote ya sifa zake.

## Hatua ya 8: Linganisha bila kujua ipi ni ipi

Sauti kubwa kidogo husikika bora, hata pale isipokuwa bora. Kwa hiyo sawazisha matokeo ya programu zote yawe na sauti sawa, tofauti isizidi nusu desibeli. Kisha mwombe mtu abadilishe majina ya mafaili kuwa A, B, C, na faili la awali liwemo. Sikiliza, panga, andika, ndipo uulize.

Usishangae kama faili la awali litashika nafasi ya pili. Hiyo ni taarifa ya maana: rekodi yako inahitaji kuguswa kidogo sana.

## Hatua ya 9: Amua, kisha safisha rekodi nzima kwa mpangilio huu

Si lazima programu moja ifanye yote. Ni kawaida kuondoa vidoko kwa moja na mchirizi kwa nyingine. Usichobadili ni mpangilio:

1. Kasi na mlalo wa mawimbi. Rekebisha kasi. Kama mstari wa kati wa mawimbi haujakaa kwenye sifuri, urudishe.
2. Sauti iliyopasuka. Kabla ya kichujio chochote, kwa sababu zana hutambua vichwa bapa. Kichujio huviinamisha, na baada ya hapo havitambuliki.
3. Vidoko na mchakacho. Kichujio kikipita juu ya kidoko hukitandaza, na kidoko kilichotandazwa hakitoki tena kwa usafi.
4. Mvumo.
5. Mchirizi. Chukua sampuli mpya ya kelele hapa. Ile ya mwanzo ilikuwa na mvumo na vidoko ambavyo sasa havipo.
6. Kelele za mara moja, kwa mkono.
7. Kusawazisha rangi ya sauti, kidogo, 2 au 3 dB.
8. Kiwango cha mwisho, vilele visivuke -1 dB.

Ukitaka kupunguza mchirizi zaidi, pita mara mbili kwa 5 dB kila mara, ukichukua sampuli mpya katikati. Mara nyingi matokeo ni laini kuliko kupita mara moja kwa 10 dB.

## Mambo yanayoharibika, na sababu zake

Kelele inapanda kila msemaji anapofungua kinywa, inashuka anaponyamaza. Punguzo ni kali mno, au sampuli ya kelele ni ya mahali pengine kwenye kanda ambapo kelele ilikuwa tofauti. Gawa rekodi vipande, kila kipande na sampuli yake.

Tarumbeta au ngoma imekuwa butu. Zana ya vidoko imeila. Punguza unyeti, au itumie tu pale vidoko vilipo.

Herufi "s" na "sh" zimepotea. Zinafanana sana na mchirizi. Punguza ukali sehemu ya juu ya 4 kHz, kama programu inaruhusu.

Sauti ni chafu tangu mwanzo na faili ni MP3. Ubanaji ulikwishatupa sehemu ya sauti, na mabaki yake yana matone yake yenyewe. Tafuta kanda ya asili. Kama haipo, libadili liwe WAV kabla ya kazi, usafishe kwa upole zaidi, na usilibane tena kuwa MP3 mpaka mwisho kabisa.

Programu inagoma kuhifadhi rekodi ndefu. Faili la kawaida la WAV haliwezi kuvuka GB 4. Kwa stereo ya biti 24 na 96 kHz hizo ni kama saa 2. Gawa rekodi kwa pande za kaseti.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Baki na mafaili matatu kwa kila rekodi: faili mama lisiloguswa, lililosafishwa kwa WAV, na la kusikiliza au kutumiana, ambalo linaweza kuwa MP3. Ukilazimika kufuta moja, lisiwe la kwanza, maana zana za miaka ijayo zitaanzia hapo.

Kando ya mafaili hayo weka faili la maandishi lenye jina la programu na toleo lake, hatua ulizopita kwa mpangilio, na namba ulizotumia: kasi iliyorekebishwa, desibeli za mchirizi, masafa ya mvumo. Nakala ya vyote iwe kwenye diski ya pili, isiyokaa chumba kimoja na ya kwanza.